Kumi Bora za Lamu: Wazazi Hawakupewa Kura

Lamu haijamjengea mtoto kitu. Hakuna bembea ya tiketi, hakuna treni ya kuzunguka bustani, hakuna mtu mzima aliyevaa vazi la sungura na kutoka jasho kwa ajili ya picha. Kuna bahari, mawe, punda, na wazee wa barazani wanaomkemea mwanao kabla wewe hujamfikia. Ndiyo maana watoto huupenda mji huu.

Orodha hii imepangwa na kamati ya watu watatu. Kuna mkubwa, ambaye kwa umri wake kila kitu duniani "ni sawa tu". Kuna wa kati, ambaye huuliza. Na kuna kitinda mimba, ambaye hupiga kura kwa kupiga kelele. Mimi ni karani, baba yao ni mlipaji. Tunahesabu toka chini kwenda juu. Mwenye malalamiko aikabili kamati.

10. Kufika

Ndege hutua Manda, basi huishia Mokowe. Kwa vyovyote vile, Lamu iko ng'ambo ya maji na utaingia kwa boti kama walivyoingia wote waliokutangulia. (Ukija kwa basi, uliza kwanza hali ya barabara ya Garsen hadi Witu. Madereva wanaijua kuliko ramani.)

Swali la kwanza la wa kati pale gatini: "Teksi ziko wapi?" Hakuna. Kwa miaka mingi gari lililojulikana kisiwani lilikuwa moja, la mkuu wa wilaya, na dereva wake hakuwa na wa kumpigia honi. Siku hizi pikipiki zinajipenyeza na mji unabishana nazo, lakini mji wa kale bado ni wa miguu miwili na wa miguu minne.

Ushauri kwa mzazi mwenzangu: kile kigari cha kusukumia mtoto kiache nyumbani. Vichochoro vya Lamu vina ngazi pasipotarajiwa na mavi ya punda panapotarajiwa. Mfunge mtoto mgongoni kwa leso. Leso haipati pancha.

9. Posta ya Wajerumani

Baba yao aliipenda. Hilo pekee lilitosha kuishusha hadi hapa.

Wajerumani walifungua ofisi ya posta Lamu tarehe 22 Novemba 1888, kwa sababu ndugu Clemens na Gustav Denhardt walikuwa wamefanya urafiki wa mikataba na sultani wa Witu, bara hapo karibu. Mkataba wa 1890 ukawapa Waingereza Witu, na tarehe 3 Machi 1891 posta ikafungwa. Miaka miwili na miezi mitatu na ushei, kisha kwaheri. Leo ni makumbusho madogo ya picha na barua.

Wa kati: "Stempu ni nini?"

Baba yao akaeleza. Akaeleza tena. Alipofika kwenye sehemu ya kulamba, kamati ilikuwa nje.

8. Paka

Wako kila mahali, wembamba, shingo ndefu, masikio yamesimama, na wapo wanaoapa kwamba ni jamaa wa paka wa Misri ya mafirauni. Sina ushahidi. Paka nao hawana haraka ya kuutoa. Hakuna tiketi, hakuna foleni, na sokoni samaki wakifika ndipo onyesho linapoanza. Kitinda mimba alitaka wawe namba moja, mbili na tatu.

7. Ngome

Jengo hili lina kila anachokitaka mtoto: kuta nene, ngazi, paa la kuchungulia mji, na historia ya kufungwa watu. Lilikamilika 1821 kwa msaada wa Seyyid Said wa Oman, baada ya vita ambavyo nitavisimulia tukifika namba nne, msinisukume. Kuanzia 1910 hadi 1984 lilikuwa gereza, kisha likakabidhiwa Makumbusho ya Taifa.

Hapa wazazi wote wa dunia husema neno moja. Nimewasikia kwa Kiswahili, Kiitaliano na Kigikuyu, na tafsiri sihitaji: "Unaona? Huku ndiko wanakopelekwa wasiokula mboga."

Mkubwa alitazama sakafu ya mawe, akatazama kivuli kizuri cha ua, akauliza kama kulikuwa na mtu wa kuwaamsha wafungwa saa kumi na moja waende shule. Alipoambiwa la, akasema ni sawa tu.

Mbele ya ngome ni Mkunguni, kiwanja chenye kivuli ambapo wanaume hucheza bao na kutoa hukumu za siasa. Mtoto akisimama kimya nyuma ya wachezaji wa bao kwa muda wa kutosha, atafundishwa. Akiropoka "babu, umesahau kula kete zile", atafundishwa haraka zaidi.

6. Kula ukitembea

Hapa hoteli hazihusiki. Hapa ni jioni, jua likishapoa, pembeni mwa njia na ukingoni mwa bahari: viazi karai, bajia, mishkaki, kaimati zinazometa shira. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, chakula kinachowafanya watoto wa Nairobi wasusie mkate wa kukatwa kwa wiki nzima baada ya kurudi. Ukibahatika kupata mkate wa mofa ungali moto, usipige picha. Kula.

Halafu mabuyu. Mzazi asiyeyajua mabuyu ya rangi humwona mwanawe anarudi na ulimi mwekundu, vidole vyekundu, kanzu ya Idi nyekundu, na hutafuta daktari. Tulia. Ni sukari, rangi na mbegu za mbuyu, na huyo mbuyu wenyewe tutakutana naye namba tatu. Rangi hutoka mikononi kwa siku mbili. Kwenye kanzu haitoki.

Kama safari yenu imeangukia Ramadhani, mchana vibanda vimefungwa na mji umesinzia. Wape watoto chakula ndani ya nyumba mliyofikia, si njiani mbele ya waliofunga. Malipo yake ni magharibi, mji unapofuturu, na Lamu huamka usiku kiasi kwamba mkubwa, kwa mara ya kwanza, aliomba kwenda kulala.

5. Siwa ya Mwana Darini, na nyumba isiyoweza kupanuka

Makumbusho ya Lamu yamekaa ukingoni mwa bahari, na ukiwa na dakika ishirini tu za subira ya watoto, zitumie zote kwenye siwa, yale mabaragumu ya sherehe. Ni mbili: ya shaba ya Lamu, na ya pembe za ndovu ya kisiwa jirani cha Pate, ndefu kuliko mtoto yeyote uliyekuja naye, na ya tangu karne ya 17. Zilipulizwa kwenye arusi na shughuli za wenye ngazi. Haikuwa kila mwenye mapafu anaruhusiwa.

Waambie kisa cha hii ya Pate. Masimulizi ya Pate yanasema Mwana Darini, bibi wa ukoo wa kifalme, alitaka siwa kwa ajili ya tohara ya mwanawe. Wenye siwa wakamnyima. Hakulia, hakutuma wazee. Akamwita fundi akamwagiza atengeneze nyingine, nzuri kuliko ile. Wazazi mnaokodi farasi na wachekeshaji kwa bathidei ya mtoto wa miaka minne, mnajua sasa nani aliwaanzishia.

Kutoka hapo nenda Nyumba ya Kiswahili, makumbusho madogo ndani ya vichochoro, na uwape watoto kazi badala ya maelezo. Kazi ya kwanza: hesabuni boriti za darini. Ya pili: mbona vyumba vyote ni virefu na vyembamba, kama vile mjenzi alikuwa anaunda korido? Wa kati aliikamata mwenyewe kabla ya mwongozaji kufungua mdomo: boriti ni mkoko, na mkoko haurefuki upendavyo wewe, kwa hiyo upana wa sebule ya tajiri uliamuliwa na mti wa matopeni. Utajiri ukaenda kwingine. Ukaenda kwenye milango ya nakshi na kwenye zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyojaa ukuta wa ndani, vya kuwekea vyombo vya kaure na vitu vya thamani.

Kitinda mimba alitaka kujua kama mtoto anaenea ndani ya kidaka. Jibu lilipatikana. Mlinzi hakufurahi.

4. Shela na mifupa

Fukwe zote zina mchanga. Mchanga wa Shela una vita.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mnamo 1812 au 1813, Wamazrui wa Mombasa wakishirikiana na Pate walikuja na majahazi kuipiga Lamu, wakashukia Shela. Watu wa Lamu wakawatokea. Wavamizi walipogeuka wakimbilie vyombo vyao, inasimuliwa, bahari ilikuwa imekupwa na vyombo vimelala ubavu mchangani. Hakuna kwa kwenda. Watu wa Lamu walishinda, wakaanza palepale kuogopa kisasi, ndipo wakamwita Seyyid Said, na ndipo ile ngome ya namba saba. Mlionisukuma mmeridhika?

Wenyeji husema upepo ukisogeza matuta, mifupa huonekana. Kamati ilichimba kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwenye kazi za nyumbani. Ilipata kifuu cha nazi na champali moja ya mguu wa kulia.

Sasa mambo ya mzazi. Ufuo ni wa takriban kilomita 12 na hauna kivuli, kwa hiyo asubuhi mapema au alasiri. Upande wa mlangoni mwa bahari, karibu na kijiji, maji ni ya upole. Ukizunguka kuelekea bahari kuu hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi na mkondo una nguvu, hapo mtoto aingie hadi magotini akiwa ameshikwa mkono, hata kama ana cheti cha kuogelea chenye muhuri. Nguo za kuogelea ni za ufuoni. Ukirudi kijijini, jifunike, na watoto wakubwa vivyo hivyo. Shela ni mahali watu wanapoishi na kuswali, na msikiti wake wa Ijumaa, ule wa mnara wa mviringo uliochongoka, uko pale tangu 1829 na umeona wageni wa kila namna.

Jambo moja lililowaingia vizuri: maji matamu ya mji hutoka chini ya matuta haya. Mchanga hunywa mvua na kuihifadhi.

Wa kati, baada ya kimya: "Kwa hiyo tusikojoe hapa?"

Hasa, mwanangu. Waambie na watu wazima.

3. Takwa, kwa ruhusa ya mwezi

Huu ndio mji mfu mwafaka kwa watoto, na sababu yake kubwa ni kwamba huwezi kwenda unapotaka. Takwa iko upande wa pili wa kisiwa cha Manda, mwisho wa mkono wa bahari uliobanwa na mikoko, na chombo hupita maji yakijaa tu. Baba yao alitoa simu yake, akapanga saa tatu kamili. Nahodha alitazama maji, akasema saa tano. Tulikwenda saa tano.

Njiani mikoko hukaribiana hadi majani yakagusa tanga, kaa wanakimbia kwenye matope, na watoto hunyamaza bila kuambiwa.

Mji wenyewe ulikaliwa tangu karne ya 15 au 16 hadi ya 17, kisha ukaachwa. James Kirkman, mtafiti yuleyule aliyefukua Gede, alifika hapa kuchimba mwaka 1951. Umesalia msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, kuta za nyumba, na nje kidogo kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani mwishoni mwa karne ya 17. Baadhi ya watu wa Shela huhesabu asili yao hapa, na huvuka kuja kuomba dua, hasa ya mvua. Kwa hiyo si mahali pa kuparamia. Mibuyu, ambayo imeota palipokuwa vyumba vya watu, ndiyo ya kukumbatia: ipangeni familia nzima mkono kwa mkono muone kama mnaenea.

Kuna na hadithi ya sarafu. Mwaka 2013, kisiwani Manda, timu ya Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, ilipata sarafu ya Kichina ya enzi za mfalme Yongle, mwanzoni mwa karne ya 15. Ya duara, katikati ina tundu la mraba la kupitishia uzi. Mtoto wa leo haelewi pesa za karatasi, achilia mbali sarafu, lakini pesa yenye tundu ilimshangaza hata mkubwa.

"Inakaa kama washa ya fundi bomba," alisema. Kwa kipimo chake, hiyo ni sifa.

Bebeni maji ya kunywa, kofia na dawa ya mbu. Na akisema nahodha "twendeni", nendeni. Bahari ikikupwa mkiwa ndani, mtasubiri ijae tena, na Takwa hakuna mahamri.

*(Pate haikupata namba. Nililalamika, nikakumbushwa cheo changu. Lakini kama una mtoto wa kidato, asiyetapika chomboni, mpeleke: ngome ya Siyu, Shanga, ambako mwanaakiolojia Mark Horton alifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine hadi kufikia wa karne ya 8, na magofu ya mji wa Pate, ambayo sasa yamepandwa tumbaku. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inazungumza na magofu hayo, na kijana aliyelazimishwa kuisoma darasani ataacha kunung'unika akisimama penyewe. Kwa siku tatu hivi.)*

2. Punda

"Simila! Simila!" Ukisikia hivyo nyuma yako, usigeuke kutazama. Bana ukutani kwanza, tazama baadaye. Anakuja punda na matofali, punda na mchanga, punda na friji. Hapa punda ndiye lori, ndiye teksi, na mara nyingi hana dereva: anaijua njia, anakwenda peke yake, na amechoka na nyinyi.

Kwenye ukingo wa bahari kuna hospitali yao, iliyoanzishwa 1987 na shirika la hisani la Uingereza, The Donkey Sanctuary. Wanatibiwa bure. Mtoto anayelia akiona sindano apelekwe pale amwone punda akidungwa, aone nani analia. Kuna hata mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, na mwenye punda hupewa zawadi. Punda, kwa nijuavyo, hupewa pongezi.

Lakini kilele ni mbio. Hufanyika kwenye tamasha la utamaduni, kwa kawaida Novemba, na hata wakati wa Maulidi, pale watu kutoka pwani nzima wanapomiminika kwenye msikiti wa Riyadha alioacha Habib Swaleh. Vijana hupanda bila tandiko, njia ni ukingo wa bahari wenyewe, na watazamaji wamesimama ndani ya njia. Mshindi huwa shujaa wa mji. Wa mwisho huwa shujaa wa watoto, hasa kama punda wake amesimama katikati kula ganda la embe.

Mkubwa aliulizwa kama naye angependa kupanda. Alitazama kushoto na kulia kuhakikisha hakuna mwanafunzi mwenzake kisiwani. Akapanda. Akacheka kama mtoto wa miaka sita. Hilo halikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, kwa ombi lake.

1. Mashua: kwanza iundwe, kisha ipandwe

Kura zote tatu. Haijawahi kutokea nyumbani kwetu, hata kwenye chipsi.

Anzeni Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa. Ni kijiji cha mafundi wa vyombo, na chombo kikiwa kinaundwa utakisikia kabla ya kukiona. Mkuku umelazwa, mataruma yamesimama kama mbavu za nyangumi, fundi ana tezo mkononi, na hana mchoro. Wa kati alitafuta mchoro kila mahali, hata chini ya mbao. "Anajuaje?" Fundi alisikia, akamwita, akampa kamba ashike upande mmoja. Wakapima. Alishikilia ile kamba kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kushikilia kitabu cha hesabu. Kisha akaonyeshwa kalafati, pamba inavyogongwa kwenye nafasi za mbao chombo kisivuje, akapewa agonge mwenyewe kidogo.

Kitinda mimba akanusa sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo, akatangaza kwamba anaacha kula samaki. Alianza tena jioni.

Na hapo mwambie mwenye champali moja ya Shela asiitupe. Mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda waliunda dau la takriban mita 9 kwa taka za plastiki, wakalivika rangirangi za champali zilizookotwa fukweni: tani 10 hivi za plastiki, champali 30,000. Waliliita Flipflopi. Lilishushwa majini Lamu mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kwa tanga hadi Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi. Mkubwa, ambaye shuleni amefundishwa habari za mazingira hadi akachoka, alitaka kujua jambo moja tu: misumari ilishikaje kwenye plastiki? Ni swali zuri kuliko yote aliyowahi kuuliza mwaka ule, na mafundi wenyewe lazima walianza nalo.

Kisha pandeni. Chagueni tanga, si injini. Patana bei mkiwa bado mmesimama nchi kavu, uliza kama chakula cha mchana kimo ndani ya bei, na omba majaketi ya kuokolea maisha yanayomwenea mtoto. Lililotengenezewa baba mtu humtoka mtoto akiinua mikono.

Nahodha wa Lamu hana abiria. Ana mabaharia ambao bado hawajajua. Alipotweka tanga, akagawa kazi bila kuuliza mtu ana umri gani. Mkubwa akakabidhiwa demani na kuambiwa akiilegeza bila amri atalala Manda. Wa kati akawekwa omo atazame kina na kupiga kelele akiona rangi ya maji inabadilika, kipaji ambacho hatimaye kilipata ajira. Kitinda mimba akakalishwa kwenye usukani, mkono wa nahodha juu ya mkono wake, akawa ndiye mkuu wa chombo.

Mimi nikaambiwa nihamie upande wa joshi, kwa sababu ya uzito. Alilisema kwa heshima.

Baba yao, mwenye shahada mbili na ofisi yenye mlango wake, alibaki hana kazi. Nahodha akamtazama juu hadi chini, akafikiri, akamnyooshea kopo la kufulia maji ya ngama.